Saa ya Arobaini na Moja: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Ovataimu Marekani

Mbeba boksi yeyote anayeishi Marekani anajua kwamba mshahara wa saa arobaini hulipa pango, na ovataimu ndiyo inayolipa mengine yote: tiketi ya kwenda kuzika nyumbani, ada ya mdogo wako aliyeko chuo, bati la nyumba ya mama. Nimehudumia wazee Texas, nikapakia mizigo ghalani California, na sasa huwatafsiria Waswahili wenzetu, wengi wao kutoka Kongo, wanapokwenda kuonana na wanasheria wa mambo ya kazi. Mimi si wakili. Ila nimeketi katikati ya mazungumzo hayo kiasi cha kugundua kwamba ugomvi mwingi wa ovataimu hauhusu bei ya saa. Bei huwa imeandikwa wazi kwenye barua ya ajira. Ugomvi ni saa ipi inahesabika, ya wiki ipi, na kwa sheria ya nani.

1. Wiki moja haiikopeshi nyingine

Kampuni ya kwanza iliyoniajiri ilikuwa ikilipa kila baada ya wiki mbili. Wiki hii unapangiwa saa 50, ijayo 30. Hati ya malipo ilikuja imeandikwa saa 80 kwa bei ileile, na ukimuuliza supavaiza alikuwa akijibu kwa upole kabisa kwamba arobaini mara mbili ni themanini, sasa ovataimu itoke wapi?

Hesabu yake ya kujumlisha haikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba sheria haijumlishi hivyo. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi, ambayo Rais Franklin D. Roosevelt aliisaini tarehe 25 Juni 1938, hupima kazi kwa wiki, na wiki ni saa 168 mfululizo. Mwajiri ana ruhusa ya kuchagua ianze Jumapili au Alhamisi, lakini akishachagua hana ruhusa ya kuisogezasogeza ili akwepe kulipa. Kila wiki inasimama peke yake. Saa ya 41 ndani ya wiki hiyo inalipwa mara moja na nusu, hata kama wiki inayofuata utalala nyumbani.

Tuseme saa yako ni dola 18. Kwa hesabu ya supavaiza, saa 80 ni dola 1,440. Kwa hesabu ya sheria, wiki ya kwanza ni saa 40 kwa dola 18 na saa 10 kwa dola 27, jumla dola 990. Wiki ya pili ni dola 540. Zote pamoja ni 1,530. Pengo ni dola 90 kwa kila malipo, na anayelipwa mara 26 kwa mwaka kwa mtindo huo anapoteza dola 2,340. Kwetu Tanga hizo ni fedha za kuanzia duka.

Kuna upenyo mmoja, na unawahusu hasa watu wa kazi yetu. Hospitali na makazi ya kutunza wazee na wagonjwa yanaweza kutumia kipindi cha siku 14 badala ya wiki, mradi mmekubaliana kabla ya kuanza kazi kwa mtindo huo. Lakini hapo mwajiri hulipa ovataimu kwa kila saa inayozidi nane kwa siku, au 80 kwa siku 14. Wanaopenda kutaja hiyo 80 mara nyingi huisahau ile nane.

2. Zikikutana sheria mbili, unashika ile inayokupa zaidi

Aliyefanya kazi Tanzania anafika Marekani na matarajio fulani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki na tisa kwa siku, inaweka kikomo cha saa 50 za ziada katika kila wiki nne, inaongeza asilimia 5 kwa kazi ya usiku, na inataka ukifanya kazi siku ya mapumziko au sikukuu ulipwe mara mbili. Kwenye karatasi, ni sheria inayomjali mtu. Sheria ya shirikisho ya Marekani haina hata kimoja kati ya vitu hivyo vya mwisho. Usiku ni kama mchana, Krismasi ni kama Jumanne, na mtu mzima anaweza kupangiwa saa 90 kwa wiki bila sheria hiyo kuvunjwa, mradi zile 50 za juu zilipwe moja na nusu. Wengi wetu hudhani tumedhulumiwa pale ambapo hatukudhulumiwa, na pale tulipodhulumiwa kweli tunapita tukiimba.

Ila sheria ya shirikisho yenyewe inatamka kwamba jimbo likiweka kiwango bora kwa mfanyakazi, kiwango cha jimbo ndicho kitakachofuatwa. Na hapo ndipo Marekani inapogeuka kuwa nchi hamsini. Texas haikuongeza kitu kwa waajiri wa kawaida wa sekta binafsi. Ukiwa Dallas, sheria ya 1938 ndiyo yote uliyonayo. Alabama na Mississippi hata kima cha chini cha mshahara cha kwao hawana, wanategemea kile cha shirikisho cha dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu Julai 2009.

Nilipohamia California nikakuta dunia nyingine. Huko siku nayo inahesabiwa. Saa ya tisa ya siku ni ovataimu, hata kama wiki nzima hujafika 40. Baada ya saa ya kumi na mbili malipo ni mara mbili. Ukifanya kazi siku saba mfululizo ndani ya wiki moja ya kazi, saa nane za kwanza za siku ya saba ni moja na nusu, na zinazozidi hapo ni mara mbili. Chukua mtu wa ghalani anayefanya siku nne za saa kumi. Texas hana senti ya ovataimu, maana 40 haijavukwa. California ana saa nane za ovataimu kwa kazi ileile, mizigo ileile, mgongo uleule.

Kuna sharti hapa ambalo kila mtu wa ghalani alijue. Ratiba ya siku nne za saa kumi inaweza kuruhusiwa California bila ovataimu ya kila siku, iwapo theluthi mbili ya wafanyakazi wa kitengo husika wameipigia kura ya siri. Supavaiza akisema "sisi hapa tuna ratiba maalumu," swali la kuuliza ni kura ilipigwa lini. Nimeona swali hilo likinyamazisha ofisi nzima.

Majimbo mengine yana njia zao. Alaska inahesabu saa ya tisa ya siku kama California. Colorado inahesabu zinazozidi 12. Kwa vibarua wa mashambani tofauti ni kubwa zaidi: sheria ya shirikisho iliwaacha nje ya ovataimu tangu mwanzo na bado imewaacha, wakati jimbo la Washington linataka walipwe ovataimu baada ya saa 40 tangu 2024, na New York inashuka ngazi kwa ngazi kutoka 60 kuelekea 40 mwaka 2032. Kwa hiyo mtu akikuambia "Marekani ovataimu ni hivi," muulize Marekani ya wapi.

3. Saa haianzi pale mashine ya mahudhurio inapolia

Hili limewakula Wakongo wengi walioko kwenye viwanda vya nyama, huko Iowa na majimbo ya jirani. Mtu anafika, anavaa viatu vya mpira, aproni, glavu za chuma za kuzuia kisu, kofia ngumu. Anatembea hadi kwenye mstari. Mwisho wa zamu anavua, anaosha, anarudisha. Ukimwambia akuhesabie saa zake atakutajia mstari ulipoanza kwenda na uliposimama, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na anayemlipa.

Hesabu hii ina historia ndefu. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki wafanyakazi wa kiwanda cha vyungu cha Mt. Clemens, Michigan, kwa muda wa kutembea hadi kwenye sehemu zao za kazi. Waajiri wakapiga kelele, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyoondoa muda wa kutembea na maandalizi ya kabla na baada ya kazi yenyewe. Kilichobaki ni maandalizi ambayo kazi haiwezekani bila hayo. Mwaka 2005, katika kesi ya kiwanda cha nyama cha kampuni ya IBP, mahakama ileile ikasema kuvaa vifaa maalumu vya kujikinga ni mwanzo wa siku ya kazi, na hatua zote unazotembea baada ya hapo ni za mwajiri. Mwaka 2016 ikaja kesi ya kiwanda cha nguruwe cha Tyson huko Storm Lake, Iowa. Kampuni haikuwa imeandika muda halisi wa kuvaa na kuvua, hivyo mtaalamu wa wafanyakazi akapiga picha za video na kupata wastani: dakika 18 kwa wakataji, 21 na robo kwa idara ya kuchinja. Kampuni ikalalamika kwamba kila mtu huvaa kwa kasi yake, mahakama ikaona wastani unatosha pale ambapo mwajiri mwenyewe hakuweka kumbukumbu.

Dakika 18 kwa siku, siku tano, ni saa moja na nusu kwa wiki, na kama mtu tayari yuko kwenye 40 zote hizo ni ovataimu.

Sasa linganisha na ghala. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, majaji wote tisa, ilikataa madai ya wafanyakazi wa maghala ya Nevada yaliyokuwa yakihudumia Amazon. Walikuwa wakisimama foleni kukaguliwa kama wameiba, wakasema foleni huchukua hadi dakika 25. Jibu: kukaguliwa si sehemu ya kazi mliyoajiriwa kuifanya, hivyo hakulipwi. Kesi imekwisha, kwa sheria ya shirikisho. Lakini mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya California ikasema wafanyakazi wa maduka ya Apple walipwe muda wa kukaguliwa mikoba, kwa sababu sheria ya California inatazama kama uko chini ya amri ya mwajiri, na mtu anayekataliwa kutoka mlangoni yuko chini ya amri. Pennsylvania ikasema vivyo hivyo kuhusu ghala la Amazon mwaka 2021. Foleni ni ileile, aliyesimama ndani yake analipwa au halipwi kutegemea mpaka wa jimbo. Mimi naona majaji wa California walikuwa na akili ya mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni hiyo usiku, miguu imevimba, basi la mwisho linaondoka.

4. Usingizi wa kazini una sheria zake

Kazi ya wazee ina kitu ambacho kazi nyingine hazina: unalipwa kukaa. Unampa mzee dawa saa nne usiku, analala, nawe unajinyoosha kwenye kochi ukisikiliza pumzi zake. Makazi madogo ya wazee mengi hukata saa hizo. "Si ulilala?"

Kama zamu yako ni chini ya saa 24, sheria ya shirikisho inahesabu muda wote ambao ulitakiwa uwepo, hata ukiruhusiwa kulala. Zamu ya saa 12 za usiku ni saa 12. Ikifika saa 24 au zaidi ndipo mnaweza kukubaliana saa zisizozidi nane za usingizi zisihesabiwe, mradi kuna mahali pa kulala panapofaa, na uwe unaweza kupata usingizi. Mzee akikuamsha, muda wa kumhudumia unahesabiwa. Akikuamsha kiasi kwamba hukupata hata saa tano za usingizi, basi usiku mzima umekuwa kazi.

Ndugu yake usingizi ni chakula. Mfumo hukata nusu saa kila zamu, iwe umekula au hukula. Nusu saa hiyo haihesabiki tu iwapo umeachiliwa kabisa na kazi. Usiku, mhudumu uko peke yako na wazee sita, unaachiliwa na nani? Unakula ukiwa umesimama jikoni, sikio kwenye kengele. Hiyo ni kazi. Na ukitoka nyumba ya mzee mmoja kwenda kwa mwingine mchana huohuo kwa mwajiri mmoja, safari ya katikati ni kazi pia. Ya kutoka kwako asubuhi na kurudi jioni si kazi.

Wanaohudumia wazee majumbani mwao wana habari ndefu zaidi. Wafanyakazi wa majumbani walipoingizwa kwenye sheria mwaka 1974, Bunge liliacha nje "wenzi" wa wazee, likiwafikiria watu kama jirani anayekuja kumsomea bibi gazeti. Mwanya huo ukatumiwa na makampuni makubwa yenye maelfu ya wahudumu. Evelyn Coke, mama mwenye asili ya Jamaika, mkazi wa Queens, New York, aliyekuwa akihudumia wagonjwa majumbani, aliupeleka mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kauli moja. Alifariki 2009. Serikali ya Obama ikabadilisha kanuni mwaka 2013, na baada ya mvutano mwingine wa kesi ikaanza kufanya kazi Oktoba 2015: wakala anayemtuma mhudumu nyumbani kwa mzee hakuweza tena kutumia mwanya ule. Julai 2025 Wizara ya Kazi ikatangaza pendekezo la kurudisha mambo yalivyokuwa. Ndiyo maana wahudumu wa majumbani huwaambia wanasheria wawatazamie sheria ya jimbo kwanza. Kanuni ya wizara inaweza kubadilishwa na wizara. Sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo ina mizizi mirefu kidogo.

5. Cheo hakilipi, na mshahara wa mwezi si kinga

Dada mmoja wa Kigoma alipandishwa kuwa "meneja msaidizi" wa nyumba ya wazee. Akapewa mshahara usiobadilika, akaondolewa kwenye mashine ya mahudhurio, na kazi ikabaki ileile: kuogesha, kubadilisha shuka, kupika uji. Tofauti ilikuwa simu ya ofisi na saa nyingi zaidi.

Ili mtu asilipwe ovataimu kwa sababu ni meneja, masharti yote mawili yatimie. Kwanza mshahara usiobadilika usiopungua dola 684 kwa wiki, yaani dola 35,568 kwa mwaka. Serikali ya Biden iliupandisha mwaka 2024, mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta kanuni hiyo Novemba mwaka huohuo, tukarudi kwenye 684. California inadai mara mbili ya kima cha chini cha jimbo, ambayo inafika karibu mara mbili ya kiwango cha shirikisho. Pili, kazi yenyewe, si jina lake, iwe ya kuongoza: unasimamia angalau watu wawili wa muda wote, na maneno yako yana uzito katika kuajiri na kufukuza. Dada yetu hakuwa na mtu wa kumsimamia isipokuwa yule bibi wa chumba namba mbili aliyekuwa akimsimamia yeye.

Na wingi wa fedha peke yake hautoshi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema mfanyakazi wa mtambo wa mafuta baharini, aliyekuwa akipata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, anastahili ovataimu, kwa sababu alilipwa kwa siku na hakuwa na mshahara wa kudumu wa wiki. Huwa nawasimulia kesi hiyo wale wanaosema ovataimu ni ya maskini.

6. Bonasi inapandisha bei ya saa

Hili ni dogo kwa fedha, lakini ndilo linaloliwa kimyakimya kuliko yote. Moja na nusu si ya bei iliyo kwenye barua ya ajira, ni ya wastani wa kile ulichopata kwa saa wiki ile, pamoja na nyongeza ya usiku na bonasi iliyoahidiwa. Saa 50 kwa dola 18, na bonasi ya dola 100 kwa kutokukosa zamu: gawanya dola 1,000 kwa 50, bei yako halisi ni 20. Nusu yake ni 10, mara saa kumi za ziada, unaongezewa dola 100. Jumla 1,100. Anayepiga ovataimu kwa dola 18 atakulipa 1,090. Kumi tu. Zidisha kwa wafanyakazi mia tatu.

7. Kazi mbili, bosi mmoja

"Ndugu, niko natumika fasi mbili, lakini patron ni mumoja," mama mmoja wa Bukavu aliniambia. Mchana alikuwa nyumba moja ya wazee, usiku nyingine, kila moja na jina lake na hati yake ya malipo, 35 huku na 30 kule. Hakuna ovataimu popote.

Ukiwa na waajiri wawili wasiojuana, kila mmoja anahesabu saa zake, na sheria haikusaidii. Lakini mwenye nyumba zote mbili akiwa mmoja, anayekupangia ratiba akiwa mmoja, ukikosa huku unatumwa kule, saa zinajumlishwa. Za mama huyo zilikuwa 65. Wakili hakuhitaji kesi ya kifahari. Alichapisha usajili wa kampuni mbili na kuonyesha anwani moja.

Madereva wa malori nao waulize mapema. Anayeendesha gari la uzito wa zaidi ya pauni 10,000 likibeba mizigo ya kuvuka majimbo kwa kawaida hana ovataimu ya shirikisho. Mwenye gari dogo la kusambaza vifurushi huwa anayo, ingawa bosi wake atamwambia "sisi ni usafirishaji." Na yeyote anayeambiwa kwamba ni "mkandarasi," anapewa fomu ya 1099 mwisho wa mwaka badala ya W-2, huku akipangiwa saa, akivalishwa sare na kukatazwa kazi nyingine, ajue kwamba fomu haibadilishi ukweli wa ajira. Hata saini yake haibadilishi. Haki ya ovataimu huwezi kuisaini iondoke.

8. Andika mwenyewe, usisubiri hati yao

Sheria inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za saa. Asipoweka, kesi ileile ya vyungu ya 1946 inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kwa makadirio ya haki, na mzigo wa kuyapinga unamwangukia mwajiri. Kwa hiyo daftari lako lina thamani. Tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, uliamshwa mara ngapi, chakula ulikula wapi. Wakongo wengi huandika kwenye simu, wakijitumia ujumbe wa sauti kila zamu ikiisha, na ujumbe una muhuri wa saa ambao si rahisi kuuchezea. Piga picha ratiba ukutani kabla haijabadilishwa. Bosi akisema ovataimu haikuidhinishwa, hilo linampa nafasi ya kukuonya, halimpi nafasi ya kutolipa kazi aliyoiona ikifanyika.

Usikae sana. Madai ya shirikisho yanarudi nyuma miaka miwili tu, au mitatu kama mwajiri alikuwa akijua anavunja sheria. Kila siku ya malipo inayopita unapoteza siku moja ya malipo ya zamani. New York inakupa miaka sita. Ukishinda, kwa kawaida unalipwa ulichokuwa unadai na kiasi kingine kama hicho juu yake, pamoja na gharama za wakili, ndiyo sababu mawakili wengi hawakuombi fedha mbele. Ambaye hataki wakili anaweza kupiga simu kwa Kitengo cha Mishahara na Saa cha Wizara ya Kazi, 1-866-487-9243, na kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Kuhusu hofu ya makaratasi: saa ulizokwisha kufanya zinalindwa na sheria hii hata kama huna kibali, na kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika ni kosa, iwe alilalamika kwa barua au kwa mdomo, Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2011. Lakini sitamwambia mtu asiye na karatasi kwamba hana cha kuogopa. Namwambia aanze kwa wakili au kituo cha wafanyakazi, si kwa bosi, na aende na mwenzake. Watu watatu wenye madaftari matatu yanayofanana ni kesi tofauti kabisa na mtu mmoja mwenye malalamiko.

9. Punguzo jipya la kodi linaijua ovataimu moja tu

Tangu mwaka wa kodi wa 2025 hadi 2028, mtu anaweza kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho hadi dola 12,500 za ovataimu, au 25,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Watu walishangilia wakidhani ovataimu yote haina kodi. Kinachoondolewa ni ile nusu ya juu tu: kati ya dola 27 za saa yako ya ovataimu, ni tisa. Makato ya Social Security na Medicare yanaendelea kama kawaida. Na inayohesabiwa ni ovataimu inayotakiwa na sheria ya 1938 peke yake. Yule mtu wa ghala la California, mwenye siku nne za saa kumi na saa nane za ovataimu ambazo jimbo lake limempa, akifika kwa mjaza fomu mwezi Machi ataambiwa kwamba kwa serikali ya shirikisho hakufanya ovataimu yoyote wiki ile.